Mtoto, Mali na Idhini ya Walii: Historia Fupi ya Biashara ya Wadogo, kutoka Madina hadi Pwani Yetu na Ghuba

(Mhadhara uliotolewa Al Sadd, Doha, baada ya sala ya Tarawehe. Umenakiliwa kutoka katika sauti na kupangwa kwa aya kwa ajili ya wanajumuiya waliokuwa mbali.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetufungulia milango ya chumo la halali na akatufunza namna ya kuilinda mali ya mnyonge. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, yatima aliyelelewa akawa mlezi wa umma, pamoja na Aali zake na Masahaba wake wote.



Usiku wa leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda likaonekana si la mimbari wala si la mwezi wa Ramadhani: mtoto ambaye hajatimiza umri wa utu uzima anapotaka kuanzisha biashara yake. Tumelichagua kwa sababu katika mwezi huu maswali ya namna hiyo hutufikia kwa wingi. Binti wa miaka 15 anapika kaimati na sambusa, anazitangaza kwa simu, na kila jioni kabla ya futari majirani wanagonga mlango. Kijana wa miaka 16 ameweka akiba yake, anataka kuagiza kanga na mabaibui ayauze, na anamwomba mtu mzima amwazime jina. Yatima amerithi fedha kutoka kwa baba yake, fedha ziko mikononi mwa ami, na mtoto anaomba apewe fungu lake ajaribu bahati yake sokoni. Wazazi huuliza: Je, inafaa katika dini? Je, sheria ya nchi inaruhusu? Na ikitokea hasara au deni, ni nani atakayeulizwa?

Wapo wanaodhani kwamba sharti la umri ni uzio uliowekwa na serikali za leo, na kwamba wazee wetu wa zamani walimwachia mtoto soko bila ya masharti. Wapo pia wanaodhani kwamba dini imemfungia mtoto mlango mpaka siku moja maalumu, kisha ikamfungulia wote kwa pamoja. Historia haiungi mkono dhana yoyote katika hizo mbili. Waliotutangulia walijenga ngazi, na mtoto alipandishwa kidato baada ya kidato, huku walii wake akiwa nyuma yake ameshika mkono wake na daftari lake.

Msingi wa ngazi hiyo

Msingi wake umo katika Suratun Nisaa, aya ya 5 na ya 6. Aya ya kwanza inakataza kuwakabidhi mali watu wasio na busara ya kuiendesha, na papo hapo inaamrisha walishwe, wavishwe na waambiwe maneno mema. Aya ya pili inatuamuru tuwajaribu mayatima mpaka wanapofikia umri wa kuoa. Tukiona kwao uongofu wa kuendesha mali, tuwakabidhi mali zao. Inawakataza mawalii kuila mali hiyo kwa pupa kabla wenyewe hawajakua. Inamtaka walii tajiri ajizuie, na inamruhusu fakiri kula kwa kadiri ya wema. Kisha inaamrisha kwamba siku ya kukabidhi mali wawepo mashahidi.

Tuyatazame mambo yaliyokusanywa hapo. Kuna kujaribu, na kujaribu huko kunaanza kabla ya kukabidhi. Kuna baleghe. Kuna rushdi, yaani busara ya mtu katika kuitunza na kuizungusha mali yake. Na kuna kukabidhi mbele ya mashahidi. Baleghe peke yake haikutosha, kwa kuwa mtu aweza kuwa na ndevu na asiwe na akili ya duka. Wala akili peke yake haikutosha, kwa kuwa mtoto mwerevu bado ni mtoto, na mjanja wa soko anaweza kumlaghai.

Je, baleghe hupimwaje pale ambapo alama za mwili hazijaonekana? Hapa inaingia habari ya Abdullah bin Umar, Mwenyezi Mungu awe radhi naye. Alijitokeza kwenda vitani siku ya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (S.A.W.) hakumkubali. Alijitokeza tena siku ya Khandaq akiwa na miaka 15, akakubaliwa. Karne ya kwanza ya Hijria ilipokuwa inakaribia kumalizika, Nafi' alimsimulia Khalifa Umar bin Abdulaziz habari hiyo, naye akasema kwamba huo ndio mpaka baina ya mdogo na mkubwa, akawaandikia magavana wake waufuate. Imamu Shafi na wengi wengine walishika miaka hiyo 15. Tukumbuke kwamba ni miaka ya mwezi, ambayo kwa kalenda ya jua ni kama miaka 14 na nusu hivi. Imamu Abu Hanifa alisogeza mpaka mbele zaidi, miaka 18 kwa mvulana na 17 kwa msichana. Kwa hiyo anayesema kwamba umri wa miaka 18 haujapata kusikika katika fikihi, na arejee kwa mmoja wa maimamu wanne wakubwa, aliyefariki mwaka 150 Hijria.

Maimamu wetu na mtoto wa mfanyabiashara

Mafakihi waliigawa miaka ya utoto sehemu mbili. Ipo ya mtoto asiyepambanua, ambaye hajui kwamba kuuza ni kukitoa kitu na kununua ni kukipata. Maneno yake katika mkataba hayana hukumu. Kisha ipo ya mtoto mwenye kupambanua, na wengi waliikadiria kuanzia miaka 7. Huyu wa pili ndiye waliyehitilafiana juu yake.

Wahanafi waliyagawa matendo yake mafungu matatu. Yenye manufaa matupu, kama kupokea zawadi, husihi hata bila ya idhini. Yenye madhara matupu, kama kugawa mali yake bure, hayasihi hata walii akikubali. Yaliyo baina ya faida na hasara, kama kuuza na kununua, hutegemea idhini ya walii. Walii akimpa mtoto idhini ya kufanya biashara, hufanya. Na akiona mambo hayaendi, humrudisha nyuma. Wamaliki na Wahanbali nao wana njia zilizo karibu na hiyo.

Mashafi, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu wa pwani, walikaza zaidi. Kwao mtoto hafungi mkataba wa kuuza, hata kwa idhini. Lakini hawakumfungia soko. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa katika misikiti na mabaraza yetu kizazi baada ya kizazi, anaeleza namna ya kumjaribu mtoto kabla ya baleghe. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa katika kuuza na kununua, apatane bei, aongeze na apunguze. Mtoto wa mkulima hujaribiwa katika shamba na matumizi ya vibarua. Msichana hujaribiwa katika kazi za nyumbani za zama zile, hata katika kukilinda chakula kisiliwe na paka. Jaribio halitoshi mara moja. Hurudiwa mpaka dhana iwe na nguvu. Na mtoto akishapatana bei na mnunuzi, anayeufunga mkataba ni walii.

Tuizingatie hekima hiyo. Mtoto anajifunza kila kitu ila kujifunga. Ulimi wa mapatano ni wake, na jukumu la deni ni la mtu mzima. Mtoto akikosea katika kukadiria, walii husita kufunga mkataba, na kosa linabaki kuwa somo, halijawa hasara.

Na walii huyo ni nani? Kwa Mashafi, walii wa mali ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyewekwa na mmoja wao, kisha kadhi au anayeteuliwa na kadhi. Ami hamo katika orodha hiyo kwa uami wake tu, wala kaka mkubwa hamo kwa ukaka wake tu. Hata mama, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, huhitaji kuwekwa wasii au kuteuliwa. Jambo hili limeleta ugomvi katika nyumba nyingi za Waswahili, za kwetu na za huku ugenini, nasi tutalirejea.

Ngazi hiyo katika pwani yetu

Tukija kwenye historia ya pwani ya Afrika Mashariki, tunakuta kwamba ngazi hii ilipandwa kila siku. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la karafuu, pembe za ndovu na sandarusi, na watoto waliingia katika biashara mapema mno.

Hamed bin Muhammad al-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ameyaeleza mwenyewe katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili katika miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Anaeleza kwamba alipokuwa na miaka 12 alianza safari za karibu, pamoja na jamaa zake wakubwa, katika biashara ya sandarusi. Alipofika miaka 18 baba yake alimchukua safari ya bara. Huko bara baba alitaka mzigo uwe chini ya mtu mwingine mzima, kijana akakataa kwenda chini ya mtu huyo, na baba akamkabidhi yeye mali. Hatumtaji ili tumsifu. Biashara yake ya baadaye ilichanganyika na utumwa na vita, na watu wa Kongo ya mashariki hawajasahau, wala haifai sisi tusahau. Tunamtaja kwa kuwa ushahidi wake unatuonyesha vidato: miaka 12, safari fupi chini ya jamaa, miaka 18, safari ndefu pamoja na baba, kisha kukabidhiwa mzigo baada ya kujulikana.

Allidina Visram alizaliwa Kera, katika nchi ya Kachi nchini India, mwaka 1851. Aliwasili Bagamoyo mwaka 1863 akiwa mtoto wa miaka 12, akaanza kazi chini ya tajiri Sewa Haji Paroo. Hakufungua duka siku aliyoshuka jahazini. Alijifunza mizani, vipimo vya nguo na hesabu za misafara chini ya mkubwa wake, na baadaye maduka yake mwenyewe yakaenea kutoka pwani hadi Uganda. Alifariki mwaka 1916, na skuli yenye jina lake iko Mombasa mpaka leo.

Na tusisahau kwamba vitabu vya sira vinasimulia kuwa Bwana wetu Muhammad (S.A.W.) alisafiri na msafara wa biashara kwenda Sham pamoja na ami yake Abu Talib akiwa na umri unaotajwa kuwa kama miaka 12. Mali ya Bibi Khadija alikabidhiwa alipokuwa mtu mzima, anayejulikana mjini kote kwa uaminifu.

Pwani yetu ilikuwa pia na desturi ya mali kauli. Tajiri humpa mtu bidhaa bila ya fedha taslimu, kwa neno lake tu, auze kisha alete thamani. Kijana hakupewa mali kauli kwa uzuri wa maneno yake. Alipewa kwa sababu tajiri alimjua baba yake, au alikwisha kumwona akisimama dukani miaka kadhaa. Dhamana ya mzazi ilikuwa idhini, ingawa haikuandikwa.

Na wanapogombana watu, walikwenda kwa kadhi. Unguja ilikuwa na makadhi wa Kishafi na wa Kiibadhi. Miongoni mwa Mashafi mashuhuri ni Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925. Kwa fikihi waliyoisoma, kadhi alikuwa walii wa asiye na walii. Mali ya yatima haikuachwa ielee.

Ukuta badala ya ngazi

Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890. Pamoja na utawala zikaja sheria za mikataba zilizotungwa India. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilitumika katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na Zanzibar nayo ikapata baadaye amri yake ya mikataba iliyofuata mfano huo. Sheria hiyo ilisema kwamba anayeweza kufunga mkataba ni aliyefikia umri wa utu uzima, na sheria ya India ya mwaka 1875 iliuweka umri huo kuwa miaka 18.

Mwaka 1903 Baraza la Rufani la mfalme kule London lilihukumu kesi iliyotoka Calcutta, ijulikanayo kwa jina la Mohori Bibee na Dharmodas Ghose. Kijana ambaye hajatimiza umri alikuwa amekopa fedha na kuweka rehani nyumba. Baraza likasema kwamba mkataba wa mtoto ni batili tangu mwanzo. Haungojei idhini wala haurekebishwi baadaye, na mkopeshaji hakurudishiwa fedha zake. Hukumu hiyo ikawa rejeo popote sheria ile ilipotumika.

Hatusemi kwamba hukumu hiyo haikuwa na rehema ndani yake. Ilimlinda mtoto na mlariba, na hilo ni jema. Hata sheria ile ya 1872 ilikubali mtoto aingizwe katika faida ya ushirika bila ya kubeba madeni yake. Lakini tazameni kilichopotea. Fikihi iliuliza: ana umri gani, amejaribiwa vipi, na walii wake anasemaje? Sheria mpya iliuliza swali moja: ametimiza miaka 18? Pale palipokuwa na vidato pakasimama ukuta, wenye mlango mmoja unaofunguka siku moja. Na jambo la ajabu ni kwamba huko Uingereza kwenyewe, wakati ule, mtu alihesabiwa mtoto mpaka atimize miaka 21. Umri huo uliteremshwa kuwa 18 kwa sheria ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970.

Tanganyika ilitunga Sheria ya Mikataba yake mwaka 1961 kwa kufuata mfano ule wa India, na Tanzania mpaka leo umri wa utu uzima ni miaka 18. Kenya iliacha sheria ya India mwaka 1961, ikafuata misingi ya mikataba ya Kiingereza, na sheria yake ya mwaka 1974 ikauweka utu uzima kuwa miaka 18. Mahakama za kadhi zikabaki na ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, inasema hivyo waziwazi. Hivyo kadhi anaweza kumgawia yatima fungu lake la mirathi, lakini mkataba wa duka la yatima huyo huamuliwa kwingine. Elimu ya kumjaribu mtoto ikabakia vitabuni na katika malezi ya nyumbani.

Ghuba ilivyoihifadhi ngazi

Katika nchi za Kiarabu mambo yalikwenda njia nyingine. Dola ya Uthmania ilikusanya fikihi ya Kihanafi katika vifungu, kitabu kinachoitwa Majalla, kilichotolewa baina ya mwaka 1869 na 1876. Humo mna mtoto mwenye kupambanua, mna idhini ya walii, na mna walii kumjaribu mtoto kwa kumruhusu biashara ndogo. Mwaka 1948 Misri ikapata sheria yake ya madai iliyosimamiwa na mwanachuoni wa sheria Abdulrazzaq al-Sanhuri. Iliuweka utu uzima kuwa miaka 21, na ikahifadhi mgawanyo ule wa mafungu matatu: manufaa matupu, madhara matupu, na yaliyo baina yao. Nchi nyingi zikafuata.

Hapa Qatar, Sheria ya Madai namba 22 ya mwaka 2004 imeufanya umri wa utu uzima kuwa miaka 18 kamili. Aliye chini ya miaka 7 huhesabiwa hapambanui. Aliye baina ya 7 na 18 hufuata mafungu yaleyale matatu, na mkataba wake wa kuuza na kununua waweza kubatilishwa kwa maslahi yake. Mwaka huohuo ilitungwa sheria namba 40 juu ya ulinzi wa mali za wasiotimiza umri, na ipo mamlaka maalumu ya serikali inayoshughulikia mali zao. Sheria ya Biashara namba 27 ya mwaka 2006 imefanya miaka 18 kuwa umri wa mtu kuwa mfanyabiashara kwa nafsi yake. Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, nayo katika sheria yake ya mwaka 2013 imeweka miaka 7 na miaka 18.

Anayesoma vifungu hivi baada ya kusoma fikihi hujihisi yuko nyumbani. Miaka 7 ni ileile ya kupambanua. Mafungu matatu ni yale ya Wahanafi. Kwa hiyo Mwislamu anayeitii sheria hii hajaiacha fikihi yake, na anayeikwepa kwa kisingizio cha dini hana hoja ya dini.

Kwa ndugu zetu walioko kwingine, masharti hutofautiana. Uingereza, sheria ya kampuni ya mwaka 2006 inamruhusu mtu kuwa mkurugenzi akitimiza miaka 16. Kenya, sheria ya kampuni ya mwaka 2015 inataka miaka 18. Kijana mmoja anaweza kuwa mkurugenzi London na asiwe Mombasa. Kila mmoja na aulize sheria ya nchi anayoishi kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Majibu ya maswali matatu

Sasa tuyarejee maswali tuliyoanza nayo.

Binti wa kaimati. Mlango wa kujaribiwa umefunguka, na mzazi asiufunge. Lakini mwenye kuuza kwa hukumu ni mzazi. Ikiwa biashara imetoka katika kubadilishana na majirani ikawa ya kila siku na ya kutangazwa kwa watu wote, basi inahitaji idhini ya mamlaka za nchi, na anayekwenda kuitafuta idhini hiyo ni mtu mzima mwenye haki ya kupewa, kabla ya tangazo na si baada ya malalamiko. Mtu akiugua kwa chakula, anayeulizwa ni mzazi. Ama faida, kile alichokusudiwa binti ni mali ya binti. Isichanganywe na matumizi ya nyumba kimyakimya. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na aandike mwenyewe: unga kiasi gani, mafuta kiasi gani, kimebaki nini. Hilo daftari ndilo jaribio lililokusudiwa na mafakihi.

Kijana wa kanga na mabaibui. Kuazima jina ni hatari kwa mwenye jina na kwa mwenye mali. Qatar ina sheria namba 25 ya mwaka 2004 dhidi ya kuficha biashara ya asiye raia nyuma ya jina la mwingine. Mwenye jina ndiye mwenye mali machoni pa sheria. Akifariki leo, warithi wake watadai, na kijana hatakuwa na la kushika. Njia iliyo salama ni akae katika biashara ya mtu mzima iliyosajiliwa ipasavyo, ajifunze humo. Na akitaka kuajiriwa, Sheria ya Kazi namba 14 ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 16, na aliye baina ya 16 na 18 huhitaji ridhaa ya walii na kibali cha mamlaka ya kazi. Wala mzazi asigeuze njia hiyo upande wa pili, akaweka deni au duka lake kwa jina la mtoto ili kuwakimbia wadai. Hiyo ni dhuluma kwa mdai, na dhuluma kubwa zaidi kwa mtoto.

Yatima na ami yake. Hapa sauti yetu na iwe nzito, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito. Ami aliyeshika fedha za yatima kwa sababu tu fedha zilimfikia mkononi, si walii wa mali hiyo mpaka ateuliwe. Na aende kwa kadhi au mahakama, akae katika sharia, au aikabidhi kwa anayestahiki. Akishateuliwa, asiifungie mali ikae bure. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab alihimiza mali za mayatima zifanyiwe biashara zisije zikaliwa na zaka, na kwamba Bibi Aisha alikuwa akizitoa mali za mayatima aliowalea kwa watu wanaozifanyia biashara. Lakini asimpe mtoto fungu lote kwa kuwa amelia au amekasirika. Ampe kidogo, amtazame, aongeze. Na siku ya kukabidhi, aite mashahidi na aandike. Mashahidi hao wanamlinda yatima na ami mla mali, na wanamlinda ami mwaminifu na ulimi wa watu.

Jambo la mwisho ni la mwezi huu hasa. Kwa madhehebu yetu ya Kishafi, mali ya mtoto ikifikia nisabu na ikapitiwa na mwaka, ina zaka, na anayeitoa ni walii kutoka katika mali hiyo ya mtoto. Wahanafi hawaioni zaka ya fedha kuwa wajibu juu ya mtoto. Walii na ajue madhehebu anayofuata, na kila anachotoa akiandike. Basi usiku huu, unapokaa kuhesabu zaka yako, hesabu pia kilicho chini ya mkono wako ambacho si chako: akiba ya mwanao, fungu la mtoto wa ndugu yako, fedha zilizotumwa kutoka Unguja, Lamu au Muscat kwa jina la yatima. Itenge. Iandike. Mwambie mwenyewe kiasi chake, kwa maneno mema kama tulivyoamrishwa. Mtoto anayekijua kilicho chake na akakiona kinatunzwa, huyo amekwisha kupanda kidato cha kwanza cha biashara.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Abdullah bin Hisham alipelekwa na mama yake, Zaynab bint Humayd, kwa Mtume (S.A.W.) akiwa mdogo. Mtume alimpangusa kichwa na kumwombea baraka. Alipokua akawa mfanyabiashara, na Masahaba wakawa wanamwomba awashirikishe katika biashara yake kwa sababu ya dua ile. Tuwapangusie watoto wetu vichwa, tuwaombee, na tuwafunze.

Ewe Mola wetu, wabariki watoto wetu katika elimu yao na chumo lao. Tuepushe na kula mali ya yatima kwa kujua na kwa kutojua. Wape mawalii wetu uaminifu, na makadhi wetu uadilifu. Warehemu wazazi wetu waliotutangulia, na utukubalie saumu zetu na visimamo vyetu.

Wa billahi tawfiq. Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.